Mlango wa Kilo Sabini

Hadi leo Afrika ina dhahabu moja tu ya Olimpiki katika mchezo wa kupiga makasia, nayo ilipatikana tarehe 2 Agosti 2012 huko Eton Dorney, nje kidogo ya London. James Thompson, Matthew Brittain, John Smith na Sizwe Ndlovu wa Afrika Kusini walitoka nyuma katika mita 500 za mwisho, wakamaliza kwa dakika 6 na sekunde 2.84, wakiwapita Waingereza kwa robo sekunde. Walishindana katika uzito mwepesi, daraja lililoingia Olimpiki mwaka 1996 na kushiriki kwa mara ya mwisho Paris 2024. Los Angeles 2028 halimo. Naona uamuzi huo umeziumiza zaidi nchi ambazo mchezo huu ulikuwa bado unazitafuta.

Tuanze na maji yenyewe. Mkimbiaji hubeba uzito wake kila hatua, lakini mpiga makasia amekaa, na mashua ndiyo inayombeba. Mwili mkubwa huizamisha mashua zaidi, ni kweli, ila mapafu mapana, misuli mingi na mikono mirefu hufidia hasara hiyo na kuzidi. Ndiyo maana fainali za wanaume zisizo na kikomo cha uzito hujaa watu wa kilo 90 na zaidi. Kwa wepesi, mwanaume hakuruhusiwa kuzidi kilo 72.5, na wastani wa mashua haukutakiwa kuzidi kilo 70. Kwa wanawake ilikuwa 59 na 57. Wastani huo uliyafunga maisha ya wenza: katika mashua ya wawili, mmoja akiwa na kilo 72, mwenzake sharti asizidi 68. Walipanda mizani kati ya saa mbili na saa moja kabla ya mbio, na katika muda huohuo mfupi walitakiwa kunywa, kula na kupasha misuli moto.

Hapo ndipo pingamizi zito lilipo. Wengi walijinyima chakula na maji ili wafike uzito, na kwa wanawake hasa, njaa ya muda mrefu huvuruga hedhi na kudhoofisha mifupa. Siwezi kulipuuza hilo. Lakini ndondi, judo na kunyanyua vitu vizito vina mizani hiyohiyo na havikuondolewa. Hatari ya kujikausha hudhibitiwa kwa kubadili namna na wakati wa kupima, na kwa daktari mwenye mamlaka ya kumzuia mchezaji.

Wengine husema daraja hili lilikusudiwa kuupanua mchezo duniani, lakini medali nyingi zikaishia Ulaya. Ni kweli, na sishangai: mashua ni ghali, na mizani haimnunulii mtu mashua. Hata hivyo wanawake wa China walipata medali katika mashua ya wawili London na tena Rio, na Waafrika Kusini hawakuwa wa kubahatisha. Mwaka 2014 Thompson na Smith walitwaa ubingwa wa dunia wa mashua ya wawili huko Amsterdam kwa muda bora wa dunia, 6:05.36. Ilibidi wasubiriwe Paul O'Donovan na Fintan McCarthy wa Ireland, huko Tokyo, kuupunguza kwa sekunde 0.03 tu.

Je, wepesi wasihamie kwa wazito? John Smith alihama. Baada ya kushika nafasi ya nne Rio, alikwenda Tokyo katika mashua ya wanne isiyo na kikomo cha uzito, na akarudi bila medali. Ikiwa bingwa wa Olimpiki na wa dunia hakuipata huko, kijana mwembamba anayeanza leo ana sababu gani ya kuanza?

Nafasi iliyoachwa imepewa makasia ya baharini: mchezaji hukimbia ufukweni, huruka ndani ya mashua, huzunguka maboya na kurudi mbio mchangani. Kwa Mombasa na Zanzibar hii si habari mbaya, maana bahari ipo, na kulisoma wimbi kunahitaji ustadi ambao kilo hazimpi mtu. Ila huko nako hakuna kikomo cha uzito, na Uganda na Rwanda, zenye maziwa matulivu, hazipati chochote katika mabadilishano hayo.