Je, Wajua? Nyumba ya Udongo Shambani

Je, wajua kwamba mji wa Shibam, Hadhramaut, una nyumba za hadi ghorofa saba zilizojengwa kwa tofali mbichi za udongo? Nyingi zina asili ya karne ya 16, na bado watu wanaishi humo. Ukuta wake ni mnene chini, na huenda ukipungua kadiri unavyopanda. Wasomaji wa pwani wenye babu wa Kihadhrami, hayo ni yenu.

Je, wajua adui wa ukuta wa udongo ni nani? Maji. Shibam yenyewe iliharibiwa na mafuriko ya mwaka 2008. Ndiyo maana fundi mzuri huanza na msingi wa mawe, akaupandisha juu ya ardhi hadi pale matone yanayoruka hayafiki, kisha akatoa upenu mpana. Anayebana upenu ili aokoe bati mbili atakandika upya kila masika.

Wagogo wa Dodoma waliezeka tembe kwa paa bapa la udongo, na lilidumu kwa sababu mvua kwao ni chache. Lipeleke paa hilo Bukoba uone! Wahaya walijua mvua yao: msonge wao uliezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi.

Je, wajua kwamba vijiti vinavyochomoza ukutani kwenye Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, si pambo tu? Mafundi huvikanyaga wanapoupaka udongo mpya, kazi inayofanywa na mji mzima kila mwaka. Msikiti huo ulijengwa upya mwaka 1907. Anayetaka nyumba isiyohitaji mkono wake tena, udongo haumfai.

Plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo? Acha. Hufungia unyevu ndani, kisha hupasuka na kubanduka vipande vipande. Paka udongo uliochanganywa na mchanga, au chokaa.

Je, wajua kwamba Francis Kéré alijenga shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwa tofali za udongo zilizoongezwa saruji kidogo? Bati aliliinua juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Shule ilikamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Mashine ya mkono ya kushindilia tofali, mama wa zile zinazofyatua matofali ya kufungamana huku kwetu, ilibuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Tofali lake halichomwi, na mti wako unabaki umesimama.

Na udongo gani? Ule mweusi wa juu waachie mahindi. Una mabaki ya majani yanayooza. Chimba chini yake, jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache hadi kesho yake. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, basi ongeza mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Fanya hivyo kabla hujaagiza hata mfuko mmoja wa saruji.