Wazee wa Jazz wa New Orleans (Sehemu ya Pili): Waliobaki Nyumbani

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliwafuata mabingwa walioihama New Orleans: King Oliver, kisha Louis Armstrong aliyemfuata Chicago mwaka 1922, na wengine wengi waliokwenda kaskazini kutafuta riziki. Leo tuwageukie waliobaki. Vitabu vingi vya historia ya jazz huwapita haraka, kana kwamba mji ulinyamaza mastaa walipokwisha panda treni. Haukunyamaza. George Lewis, mpuliza klarineti, alikuwa kuli bandarini. Narvin Kimball, mpiga banjo, alisambaza barua za posta, na De De Pierce alikuwa fundi mwashi mchana na mpiga tarumbeta usiku, hadi macho yake yalipopofuka. Watu hawa walipiga muziki katika kumbi za dansi za mitaani, na wengi wao wakasindikiza mazishi kwa matarumbeta kama ilivyo desturi ya mji huo. Walipofika miaka ya sitini na sabini ya umri wao, walikusanywa katika vikundi vidogo vya watu sita au saba na kusikilizwa upya na dunia nzima. Wapo wanaoviona vikundi hivyo kama kumbukumbu tamu ya zamani. Mimi nadai kwamba vilikuwa shule, tena shule pekee iliyoweza kuirithisha fani hii ikiwa nzima.

Tuanze na muziki wenyewe, maana hoja yote imesimama hapo. Chukua albamu ya mwaka 1964 ya Sweet Emma Barrett na bendi ya Preservation Hall, ukumbi nitakaousimulia hapa chini. Wapigaji ni saba: Sweet Emma kwenye piano, Percy Humphrey kwenye tarumbeta, kaka yake Willie kwenye klarineti, Jim Robinson kwenye tromboni, Emanuel Sayles kwenye banjo, Alcide Pavageau kwenye besi na Cie Frazier kwenye dramu. Pavageau alizaliwa mwaka 1888, Robinson mwaka 1892. Sikiliza wanavyogawana kazi. Tarumbeta huushika wimbo karibu kama ulivyo, bila madoido mengi. Klarineti huzungukazunguka juu yake na kuijaza mianya ambayo tarumbeta imeiacha. Tromboni hukaa chini, ikivuta sauti kutoka kituo kimoja cha wimbo hadi kingine, ili wenzake wasikie mapema wanakoelekea. Wote watatu wanabuni papo hapo, na bado hawagongani. Hakuna karatasi inayoweza kumwambia Robinson anyamaze kwa pigo moja kwa sababu Percy amechelewa kumaliza sentensi yake. Hilo hujulikana na mtu aliyekaa ubavuni mwa mwenzake kwa miaka mingi. Santuri nayo hukuonyesha matokeo, lakini haikuonyeshi jicho lililokonyezwa wala mguu uliopigwa sakafuni kumwambia mpiga dramu kwamba ubeti unaofuata ni wa mwisho.

Wapo waliosema, na wanasema hadi leo, kwamba wazee hawa walikwisha pitwa na wakati: pumzi fupi, vidole vizito, sauti zisizokaa sawa. Ni kweli kwamba katika rekodi zao zipo noti zilizopinda. Lakini fani ya kuitikiana haipimwi kwa kasi ya vidole. Sweet Emma alipata kiharusi mwaka 1967, mkono wake wa kushoto ukalemaa. Aliendelea kupiga piano kwa mkono wa kulia hadi karibu na kifo chake mwaka 1983. Katika muziki wa mpiga piano wa peke yake pengo hilo lingeua kila kitu. Katika kikundi, besi na banjo tayari vilikuwa vimebeba mwendo ambao mkono wa kushoto ungeubeba, na yeye alibaki na kazi aliyoijua kuliko vijana wengi, yaani kuchagua mahali pa kugusa na mahali pa kuacha.

Historia ya Bunk Johnson inaonyesha upande wa pili. Mpiga tarumbeta huyu alikuwa amekwisha acha muziki, hana meno wala tarumbeta, akifanya vibarua katika mji wa New Iberia, wapenzi wa jazz walipomtafuta mwishoni mwa miaka ya 1930. Akatengenezewa meno ya bandia, akapewa ala, na mwaka 1942 akarekodi. Kufikia 1945 alikuwa New York akishangiliwa, lakini kikundi alichokwenda nacho hakikudumu, naye akafariki mwaka 1949. Sifa alizipata. Kilichokosekana ni kikundi chenye makao, chenye kazi ya uhakika katika mji wake mwenyewe.

Makao ya namna hiyo yalipatikana mwaka 1961 katika nyumba kuukuu ya Mtaa wa St. Peter, ambako mfanyabiashara wa picha Larry Borenstein alikuwa akiwaalika wazee kupiga muziki katika duka lake. Allan na Sandra Jaffe, wanandoa vijana kutoka Pennsylvania, waliichukua kazi hiyo na ukumbi ukaitwa Preservation Hall. Hakukuwa na pombe wala maikrofoni, na wasikilizaji walikaa karibu kabisa na wapigaji. Udogo huo wa chumba ulikuwa sehemu ya ufundi. Mzee mwenye pumzi chache hakulazimika kupayuka, na kijana aliyekuja kujifunza aliona kila kidole.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ilikuwa biashara ya watalii chini ya wenye ukumbi Wazungu, na kwamba wazee Weusi walifanywa maonyesho. Siwezi kulipuuza. Wageni waliomba wimbo uleule wa watakatifu kila usiku, hata ukawekewa bei ya juu kuliko nyimbo nyingine. Lakini tukumbuke kwamba sheria za ubaguzi za Louisiana ziliwakataza Weusi na Weupe kuchanganyika katika burudani, na katika chumba hicho walichanganyika kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Sandra Jaffe mwenyewe aliwahi kukamatwa na polisi pamoja na wanamuziki kwa sababu hiyo. Mtalii alileta hela, naam, na hela hiyo ndiyo iliyomwezesha mzee kupiga muziki mara nyingi kwa wiki badala ya kusubiri mazishi. Bila mazoezi ya mara kwa mara hakuna shule.

Je, shule hiyo ilifundisha nani? Ndugu wawili, Percy na Willie Humphrey, walifundishwa na babu yao, James Humphrey, aliyezunguka katika mashamba makubwa nje ya mji akiwafundisha wafanyakazi wa huko kupiga ala. Willie naye akawa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mzee mwingine wa mji huo, Danny Barker, mpiga banjo aliyerejea kutoka New York, aliunda bendi ya watoto katika Kanisa la Baptisti la Fairview. Wakatoka humo wapiga tarumbeta Leroy Jones na Wynton Marsalis. Anayesema wazee waliigandisha jazz aeleze vijana hao walitoka wapi.

Dar es Salaam nayo iliwahi kujaribu kuwakusanya wazee wake namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakongwe wa muziki wa dansi, akiwamo Salum Zahoro aliyetamba na Kiko Kids ya Tabora, waliungana katika Shikamoo Jazz. Wasikilizaji walipata burudani, lakini mji haukuwapa wazee hao chumba chao cha kudumu ambako mpiga gitaa wa miaka kumi na tano angekaa mbele yao kila wiki na kutazama. Wakongwe wa dansi waliobaki leo ni wachache, na wengi wana ala zao ndani bila mahali pa kuzipigia. Halmashauri zina kumbi zinazolala tupu siku za kazi. Zifunguliwe usiku mmoja kwa wiki, wazee walipwe, na vijana waingie bila kiingilio.