Kwa Nini Malaria Humvizia Mwenye Mimba ya Kwanza

"Malaria nimeizoea." Kwa mkazi wa Vingunguti aliyekulia Muheza au Kilombero, kauli hiyo ina ukweli wake. Mwili ulioumwa mara nyingi tangu utotoni hujifunza kupambana na vimelea, na homa huwa nyepesi. Lakini mwanamke huyo akipata mimba ya kwanza, mazoea hayo hayamtoshi.

Sababu ni kondo la nyuma. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya Plasmodium falciparum huota juu yake protini iitwayo VAR2CSA, ambayo hunata kwenye kondo. Kunata huko kulielezwa mwaka 1996 na Michal Fried na Patrick Duffy, ambao baadaye walifanya utafiti hapa kwetu Muheza. Kabla ya mimba hakuna kondo, hivyo mwili haujakutana na vimelea vya namna hiyo. Wanaume kwa kawaida hawana kabisa kingamwili zake. Mama huzijenga mimba hadi mimba, tena pale tu anapoambukizwa. Ndiyo maana Dar es Salaam, ambako malaria imepungua, hata mama wa watoto watatu asijidai; akienda kijijini msibani anaweza kuwa mgeni kama binti wa mimba ya kwanza.

Kibaya zaidi, ugonjwa huu hunyamaza. Homa inaweza isiwepo, na kipimo cha damu ya kidoleni kisione kitu, huku vimelea vimejificha kwenye kondo. Mama hupungukiwa damu. Mtoto huzaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5.

Kwa hiyo kliniki humpa SP hata asiyeumwa: vidonge vitatu kwa mara moja, kuanzia baada ya miezi mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya mwezi, angalau dozi tatu kabla ya kujifungua. Anayetumia septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP. Chandarua chenye dawa ni kwa wote.

Hapa parokia inahusika. Binti anayeficha mimba kwa kuogopa kutengwa na kwaya au jumuiya hufika kliniki mwezi wa saba, na mara nyingi hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Minong'ono yetu baada ya Misa imeshamnyima dozi mbili au tatu.