Makanisa Saba Barabara Moja

Mama mmoja wa hapa Mombasa, ambaye binti yake ameolewa na kuhamia Marekani, alitusimulia jambo lililomshangaza binti huyo katika wiki zake za mwanzo ughaibuni. Kutoka nyumbani kwake hadi dukani, katika barabara moja tu, alihesabu makanisa saba, kila moja na jina lake na kibao chake. "Mama," aliuliza kwa simu, "hawa wote si Wakristo? Mbona basi hawasali pamoja?"

Mama hakuwa na jibu, akatuletea sisi swali hilo. Tumeona kuwa linastahili kujibiwa kwa utuvu, kwani wengi wetu husema "Wakristo wa Marekani" kana kwamba ni watu wa nyumba moja na kauli moja. Sivyo walivyo. Na katika kutafuta jibu tumekuta jambo linalowagusa Waislamu wanaoishi huko, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tuanze na wakubwa. Kanisa Katoliki ndilo kubwa kuliko yote. Kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila watano nchini humo hujitambulisha kuwa ni Mkatoliki. Waliobaki wengi ni Waprotestanti, nao wamegawanyika mno. Wabaptisti wa Kusini peke yao wana waumini zaidi ya milioni 12, na kando yao wako Wamethodisti, Walutheri, Wapresbiteri na Wapentekoste. Mengine yalizaliwa huko huko Marekani: Wamormoni mwaka wa 1830, na Waadventista Wasabato, waliojiunda rasmi mwaka wa 1863. Tena yapo maelfu ya makanisa yasiyofungamana na dhehebu lolote.

Kisha wako wadogo. Waamishi, wanaojulikana sana katika majimbo ya Pennsylvania na Ohio, husafiri kwa mikokoteni ya farasi, na hawaingizi nyumbani umeme wa gridi. Wadogo zaidi ni kikundi cha Shakers, wasiooa wala kuolewa. Zamani walikuwa maelfu. Leo waliobaki katika kijiji chao cha mwisho, jimboni Maine, hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Wingi huu ulitoka wapi? Sababu moja ni kwamba nchi ile ilijengwa na watu waliokimbia udhia wa dini, na baadhi yao, walipopata nguvu, wakawafanyia wenzao yale yale. Wapuritani waliondoka Uingereza kwa kudhikishwa na kanisa la mfalme, wakaweka makao Massachusetts. Lakini kati ya mwaka wa 1659 na 1661 wao wenyewe waliwanyonga mjini Boston Wakweka wanne, akiwemo mwanamke aitwaye Mary Dyer, kwa kosa la kurudi katika mji waliofukuzwa kwa ajili ya imani yao. Wazee wetu walionya kuwa mtu asisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, hapo ulisahauliwa.

Miaka ishirini baadaye, Mkweka William Penn alipewa ardhi na mfalme wa Uingereza, akaanzisha Pennsylvania na kuwakaribisha hata wasiokuwa wa dhehebu lake. Wakweka hao ndio tunaowaita Marafiki hapa Kenya. Wamisionari wao wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko yetu.

Mwaka wa 1791 Marekani iliandika katika katiba yake kwamba Bunge la taifa halitaweka dini ya serikali wala kuzuia watu kufuata dini zao. Hata hivyo baadhi ya majimbo yaliendelea kuyalisha makanisa kwa kodi. Massachusetts iliacha mwaka wa 1833. Tangu hapo kila kanisa hutegemea mifuko ya waumini wake, na asiyeridhika ana uhuru wa kwenda kujenga lake.

Lakini tusidhani kuwa kila mgawanyiko ulitokana na itikadi. Utumwa na ubaguzi wa rangi vilipasua makanisa vile vile. Mjini Philadelphia, Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, alitoka yeye na wenzake weusi katika kanisa walimodhalilishwa wakati wa sala, na mwaka wa 1816 wakaunda dhehebu lao la Kimethodisti la Waafrika. Wamethodisti waligawanyika kwa ajili ya utumwa mwaka wa 1844. Wabaptisti wakafuata mwaka wa 1845, na hao wa Kusini tuliowataja ni zao la mfarakano huo. Kwa hiyo, katika makanisa saba aliyoyahesabu binti yetu, huenda mengine yametenganishwa na machungu ya historia zaidi ya aya za Biblia.

Sasa tuje kwenye lile linalotugusa. Katika jimbo la South Carolina, mwanamke Msabato aliyefanya kazi kiwandani alifukuzwa kwa kukataa kazi ya Jumamosi, kisha akanyimwa msaada wa wasio na ajira. Mwaka wa 1963 Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo lilimdhulumu. Mwaka wa 1972 mahakama hiyo hiyo iliwapa haki wazazi wa Kiamishi wa Wisconsin, waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wao sekondari. Kesi hizo mbili zilikuwa za watu wanyonge.

Mnamo 1990 Mahakama ililegeza ulinzi huo. Wabunge wakajibu kwa sheria ya mwaka wa 1993, iliyozitaja kesi hizo mbili kwa majina na kutaka kipimo chake kirejeshwe. Ilipopunguzwa makali, ikafuata nyingine mwaka wa 2000, kulinda ujenzi wa nyumba za ibada na dini za wafungwa.

Waislamu wa mji wa Murfreesboro, jimboni Tennessee, walipotaka kujenga msikiti, baadhi ya wakazi waliwapinga mahakamani, hata hakimu wa jimbo akabatilisha kibali chao. Serikali kuu iliingilia kwa kutumia sheria hiyo ya 2000, na mahakama ya serikali kuu ikaamuru haki yao itimizwe. Msikiti ulifunguliwa Agosti 2012, mwezi ukiwa wa Ramadhani. Miaka mitatu baadaye, kwa sheria hiyo hiyo, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walimruhusu mfungwa Mwislamu wa Arkansas afuge ndevu za nusu inchi.

Msabato yule wa kiwandani na Waamishi wale hawakuwa na habari za msikiti. Walitetea dini yao tu. Lakini mlango walioufungua ulikuwa mpana kuliko wao.

Kwa binti yetu, jibu letu ni hili: hawasali pamoja kwa kuwa walihitilafiana, na kwa kuwa hakuna aliyewalazimisha kusali pamoja. Usiwahukumu wote kwa kauli ya mmoja, kama usivyopenda Waislamu wote wahukumiwe hivyo. Muulize jirani yako yeye ni wa kanisa lipi, na umsikilize.

Na sisi tuliobaki nyumbani tujiulize. Hapa Kenya Waislamu ni wachache, lakini mitaani mwetu wapo walio wachache kuliko sisi, ambao ibada zao hatuzikubali. Siku haki yao ikiguswa, tusinyamaze tukidhani halituhusu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu hata kwa tusioafikiana nao. Amin.