Mstaafu, spana na baiskeli: kazi isiyo na mshahara yenye faida kijijini

Mtumishi anapostaafu hukabidhiwa vitu viwili kwa mpigo: kiinua mgongo na muda. Kuhusu kiinua mgongo, washauri hawakosekani. Wapo wa kumwambia anunue bajaji, wapo wa kumwambia ajenge vyumba vya kupangisha, na wapo ndugu ambao shida zao, kwa bahati ya ajabu, hulingana kabisa na kiasi alicholipwa. Kuhusu muda, hakuna anayemshauri. Matokeo yake ni mtu mwenye afya, aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka zaidi ya 30, anayeshinda barazani akisubiri gazeti la jana.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo wastaafu waliopata jibu kwenye karakana ya baiskeli, na jibu hilo limewafikia wakulima wa Afrika bila wengi wao kujua. Huko Essex, Uingereza, kuna shirika la Re-Cycle, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hukusanya baiskeli zilizoachwa vibandani na kuzisafirisha kuja Afrika. Kule New Jersey, Marekani, shirika la Pedals for Progress lilianza kazi kama hiyo mwaka 1991, na Bikes Not Bombs la Boston lilitangulia mwaka 1984. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea, na wastaafu ni wengi miongoni mwao: mhandisi wa zamani anakaza spoki, mhasibu anahesabu mizigo, mwingine anafungua pedeli na kugeuza usukani ili baiskeli zilale bapa na kontena libebe nyingi zaidi.

Hisani hiyo ina hesabu nyuma yake. Saa moja ya fundi katika miji ya Uingereza inaweza kugharimu zaidi ya bei ambayo baiskeli hiyo kuukuu itauzwa ikifika bandari ya Afrika. Kama kila mkono ungelipwa, hakuna kontena ambalo lingeondoka. Kazi ya bure ya wastaafu ndiyo inayoifanya biashara nzima iwezekane.

Hata hivyo, si kila kinachotolewa bure ni nafuu. Baiskeli nyingi za mitumba zina gia nyingi, breki za waya na magurudumu ya vipimo ambavyo duka la vipuri la gulioni halina. Fundi aliyekaa chini ya mwembe na spana mbili, bisibisi na kopo la solusheni amezoea baiskeli ya chuma ya Kichina au Kihindi, isiyo na gia. Ukimletea baiskeli ya milimani ya Kizungu, atakata sehemu ya mnyororo, atoe gia zote na kubakiza moja. Hapo ndipo anapoonyesha akili, lakini mwenye baiskeli tayari amelipa mara mbili.

Suala la bei nalo ni zito. Baiskeli zikigawiwa bure katika kata moja, mfanyabiashara aliyekopa kuleta baiskeli mpya atazitazama zikishika vumbi dukani. Village Bicycle Project, shirika lililoanza kazi Ghana mwaka 1999, lilichagua njia yenye busara zaidi. Mwanakijiji huhudhuria mafunzo ya siku moja ya matengenezo, kisha hununua baiskeli kwa nusu ya bei. Analipa kidogo, lakini analipa, na anaondoka akijua kuziba pancha. Mradi wa namna hiyo unahitaji walimu wenye subira kuliko unavyohitaji wafadhili, na subira ni mali ambayo mstaafu anayo kwa wingi.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa World Bicycle Relief. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2005 na Wamarekani F.K. Day na Leah Missbach Day baada ya tsunami ya Desemba 2004, likaanza kwa kugawa baiskeli Sri Lanka. Baadaye liliingia Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kenya, ambako baiskeli zake aina ya Buffalo huunganishwa Kisumu. Hazikutolewa kwenye vibanda vya Ulaya. Zimesanifiwa kwa barabara za vumbi: fremu ya chuma, breki ya kurudisha pedeli nyuma, na keria inayobeba kilo 100. Baiskeli yenyewe ina uzito wa kilo 23 hivi, kwa hiyo si ya kubebwa begani.

Zambia kulifanyika utafiti wa wanafunzi wa kike waliopewa baiskeli hizo. Muda wa kwenda shule ulipungua kwa takriban theluthi moja, na siku za utoro zilipungua kwa asilimia 28. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba baiskeli za shule hazijisimamii zenyewe. Katika mpango huo kila shule huwa na kamati ya baiskeli yenye wazazi, walimu na viongozi wa kijiji. Kamati huamua mwanafunzi yupi anaishi mbali zaidi, husimamia mkataba na mzazi, hukagua matairi, na humfuata baba aliyeichukua baiskeli ya binti yake kwenda kilabuni. Wajumbe wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Sasa fikiria ni nani anayeifaa. Mwalimu mkuu mstaafu anazijua nyumba zote, anajua kuandika daftari, na hakuna baba wa kijiji hicho asiyemwamkia shikamoo. Afisa ugani mstaafu vilevile. Watu hawa wapo katika kila kata, wakiwa wamekaa.

Kwa mkulima faida hupimwa kwa saa. Mfugaji mwenye lita 20 za maziwa anayeishi kilomita 8 kutoka kituo cha kukusanyia hutembea karibu saa mbili akiwa na mzigo. Kwa baiskeli ni dakika 40 hivi. Maziwa ya asubuhi yasiyopozwa yakichelewa njiani juani hukataliwa mlangoni, na yaliyokataliwa hayana bei. Lakini mnyororo ukikatika njiani na fundi yuko kilomita 15 mbele, hesabu yote inageuka. Ndiyo maana fundi mstaafu wa reli, wa jeshi au wa kiwanda, akikubali kufundisha vijana watatu wa kijijini kwa miezi michache, ameufanyia ushirika wa maziwa jambo kubwa kuliko mchango wa fedha.

Anayetaka kazi ya namna hii asingoje tangazo, kwa kuwa nafasi nyingi za kujitolea hazitangazwi. Aanze na shule ya sekondari ya kata na chama cha ushirika, aulize kama kuna baiskeli za mradi zilizosimama kwa ubovu. Mara nyingi zipo, zimefungiwa stoo kwa sababu ya tyubu na gololi za bei ndogo. Vyuo vya ufundi navyo huhitaji watu wenye uzoefu wa mikono. Mikoa ya Kanda ya Ziwa ina mashindano ya baiskeli, na mashindano yanahitaji watunza muda na wasimamizi wa njia. Mijini kuna vyama vya waendesha baiskeli vinavyohitaji mtu anayejua kuandika barua kwa halmashauri, ikasomwa.

Mstaafu akubaliane mapema kwa maandishi: siku ngapi kwa wiki, nani analipa nauli na vipuri, na vifaa ni mali ya nani. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Asitoe kiinua mgongo chake kununua baiskeli za mradi wa watu wengine, hata akiahidiwa kurudishiwa. Shirika linalomtaka alipe ada kubwa ili ajitolee linapaswa kumwonyesha hesabu zake kwanza. Mwenye matatizo ya mgongo aachane na kuinua fremu, ashike daftari la vipuri, kwani huko ndiko karakana nyingi zinakovuja.

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao. Kijiji chenye baiskeli 50 zinazotunzwa hununua tairi, spoki na solusheni mwaka mzima, kuliko chenye baiskeli 100 zilizokufa stoo. Mwenye duka anayemkopesha mstaafu boksi la vipuri vya kufundishia anajitengenezea wateja, mradi boksi hilo liandikwe kwenye daftari na lihesabiwe kila Jumamosi.