UZI: Vyoo au chakula? Utafiti uliofanywa Kakamega kuhusu watoto kudumaa, na siasa zake

Msimu wa siasa ukifika, mtoto aliyedumaa anakuwa mpira wa kila mtu. Ukikaa Shirere utazisikia hoja hizi tatu kabla soda haijaisha. Kuna wa "shida si chakula, shida ni uchafu, jengeni vyoo." Kuna wa "peaneni unga, watu wana njaa." Halafu kuna yule wa "Magharibi tuna mvua, tuna mahindi, nani amedumaa hapa bana?"

Kuna utafiti mkubwa uliofanywa kaunti hii hii ambao ulijaribu kujibu swali hilo, na jukwaani hausikiki kabisa. Wacha tuupitie. Sitataja mtu wala chama, kwa hivyo wale wa "umetumwa na nani" mpumzike.

Tuanze na huyo wa mahindi. Udumavu si njaa ya kuonekana kwa macho. Mtoto anaweza kushiba ugali kila usiku na bado adumae. Maana yake ni kwamba kimo chake kiko chini sana kwa umri wake, kwa sababu kwa miezi mingi mwili ulikosa protini, madini na vitamini za kutosha, au uliugua mara kwa mara, au yote mawili. Mbavu hazitokezi. Akicheza na wenzake waliodumaa pia, huoni chochote. Ugali unampa nguvu ya kukimbia, lakini mfupa na ubongo vinataka pia maharagwe, omena, yai, maziwa, mboga kama mrenda na kunde. Kwa hivyo kuwa na shamba la mahindi si jibu.

Kitaifa, utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Tumesonga, tukubali. Lakini bado ni karibu mtoto mmoja kwa kila watano.

Sasa huo utafiti wenyewe. Unaitwa WASH Benefits. Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014 waliandikishwa akina mama wajawazito 8,246 kwenye vijiji vya mashambani vya Kakamega, Bungoma na Vihiga. Vijiji viligawanywa kwa kura. Wengine walipata klorini ya kutibu maji pale pale wanapoteka. Wengine walirekebishiwa vyoo, wakapewa na vifaa vya kuzoa kinyesi cha watoto. Wengine walipata kituo cha kunawa mikono na sabuni. Wengine hayo yote matatu. Wengine lishe peke yake. Wengine kila kitu. Na wengine walibaki kama walivyokuwa, ili pawe na cha kulinganisha.

Hiyo ya kura usiipite haraka, ndiyo moyo wa jambo zima. Ukilinganisha tu boma lenye choo kizuri na boma lisilo nacho, utakuta watoto wa choo kizuri ni warefu, halafu utapiga makofi. Lakini mwenye choo kizuri kwa kawaida ana pesa pia, ana ng'ombe wa maziwa, labda mama amesoma. Hujui ni choo kilichofanya kazi au ni pesa. Kura inaondoa huo utata. Nusu ya takwimu zinazorushwa kwenye mijadala yetu zinaanguka hapo hapo.

Kundi la lishe lilipata nini? Mama alifundishwa kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita, na kumlisha vizuri baada ya hapo. Mtoto alipofika miezi sita akaanza kupewa pakiti mbili ndogo kwa siku, gramu 10 kila moja, hadi miaka miwili. Ni mchanganyiko laini wa karanga, mafuta, maziwa ya unga, vitamini na madini. Unachanganya kwenye uji au mtoto analamba hivyo hivyo.

Matokeo yalichapishwa 2018 kwenye jarida la Lancet Global Health. Klorini, vyoo na kunawa mikono, kila kimoja peke yake au vyote pamoja, havikuongeza kimo cha watoto. Hata kuhara hakukupungua. Waliokua zaidi ni wale waliopata lishe. Na kuwaongezea maji, vyoo na sabuni juu ya lishe hakukuleta tofauti ya maana.

Kambi ya unga, ngojeni kwanza msishangilie. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Kwa mtoto wa miaka miwili ni chini ya nusu sentimita. Pia hawakupewa unga wa kilo mbili wenye picha ya mtu. Walipewa virutubisho kila siku kwa miezi 18, pamoja na mtu wa kuja nyumbani kumfundisha mama na kumtia moyo. Gunia la mahindi linalogawanywa mara moja kabla ya kura halijajaribiwa hapa, na sioni litafanyaje kazi hiyo.

Na kambi ya vyoo msitupe jembe. Watafiti hao hao walipopima minyoo, walikuta minyoo mikubwa ya tumbo imepungua kwa karibu moja kwa tano pale maji yalipotibiwa na pale maji, choo na sabuni vilipowekwa pamoja. Choo kina faida zake, na heshima pia ni faida. Kilichoshindikana ni ile ahadi kwamba sinki la plastiki juu ya shimo na chupa ya klorini vitarefusha watoto. Kuku bado wanaingia jikoni, mtoto bado anatambaa uani na kuweka udongo mdomoni. Zimbabwe walifanya utafiti wa aina hiyo na wakapata jibu linalofanana: lishe ilisaidia kidogo, vyoo na kunawa havikugusa kimo. Bangladesh kuhara kulipungua, lakini kule wahudumu walitembelea nyumba mara nyingi zaidi, na kimo kilipanda pale tu palipokuwa na lishe. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa wanasema tukitaka usafi ubadilishe ukuaji, tuzungumze maji ya mfereji hadi nyumbani. Hiyo ni bajeti nyingine kabisa, na mgombea anayesema "maji" aulizwe ni maji gani.

Mtu atasema: nusu sentimita, kelele zote hizi za nini? Kimo ni kipimo tu cha yale yanayoendelea ndani. Guatemala, kuanzia 1969, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini, wa vijiji vingine viwili wakapewa kinywaji cha sukari. Walifuatiliwa hadi utu uzima. Wanaume waliopata ule uji kabla ya miaka miwili walikuwa wakipata malipo ya saa ya juu kwa karibu asilimia 46. Wanawake hawakuonyesha tofauti hiyo ya mishahara, tusikuze mambo.

Tukirudi Shirere, utafiti ule ulikuwa wa mashambani, na wadi hii imekaa ubavuni mwa mji wa Kakamega. Wengi hapa wananunua chakula. Basi kuna jambo dogo linalosahaulika: tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Lakini anayenunua mahindi kwa gorogoro na kusaga poshomili hapati hiyo nyongeza. Yaani familia inayobana pesa zaidi ndiyo sheria inayoiruka.

Nani aulizwe? Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Zahanati, kliniki za akina mama, kilimo na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Chakula cha shule za msingi ni cha serikali ya kitaifa. Kwa hivyo MCA akikuahidi chakula cha shule ya msingi, anakuuzia duka la mwenyewe. Uji wa chekechea, huo ni wake kuupigania.

Kakamega pia imewahi kuwapa akina mama wahitaji pesa kwa awamu, Sh2,000 kila wakati, ili wahudhurie kliniki kabla na baada ya kujifungua. Mnaweza kubishana kuhusu usimamizi wake hadi asubuhi. Lakini tofauti na gunia, pesa ile ilimfikia mama wakati mtoto yuko tumboni au bado ananyonya, na huo ndio wakati mwili wa mtoto unajengwa.

Jambo la mwisho ambalo hata wahudumu wa afya ya jamii watakuambia: ule utepe wa kupima mkono wa mtoto unanasa ukondefu, haunasi udumavu. Udumavu unataka ubao wa kupimia urefu. Uliza zahanati yenu kama upo na kama unatumika, kwa sababu kaunti isiyopima urefu inaweza kukuambia chochote.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ukienda, usiulize "mna mpango gani wa lishe?" Utapewa hotuba. Uliza ni shilingi ngapi zimewekwa kwa watoto wa miezi sita hadi miaka miwili, na za mwaka jana zilitumika ngapi.