Kuku Ale Nyungunyungu, Omena Tumwachie Mtoto

Mgeni akipiga hodi katika boma la Mluhya au Mteso huko Busia, wa kwanza kuingiwa na wasiwasi ni kuku. Lakini mwenye kuku naye ana wasiwasi wake: amlishe nini kuku huyo hadi anenepe?

Mahindi humshibisha kuku lakini hayamjengi mwili. Protini yake ni kama asilimia 9 tu, ilhali kuku wa mayai huhitaji chakula chenye asilimia 16 hadi 18. Pengo hilo huzibwa kwa mashudu, soya au omena.

Hapo ndipo kuku na mtoto wanapogombania sahani moja. Omena wanaotoka Ziwa Victoria na kushushwa Sio Port na Port Victoria ndio kitoweo cha wenye kipato kidogo katika miji ya Busia na Malaba. Omena hao hao ndio wanaosagwa kuwa chakula cha mifugo. Tena, kuanzia Aprili hadi Julai, Kenya husimamisha uvuvi wao ili wazaane.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, chini ya lundo la samadi. Nyungunyungu akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, karibu sawa na omena.

Ufugaji wenyewe hauhitaji shamba. Chukua beseni kuukuu, litoboe chini, uliweke kivulini. Jaza samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, kwani ile mbichi ina joto la kuua. Ongeza maganda ya ndizi na mabaki ya sukuma wiki. Kisha tia nyungunyungu wadogo wekundu wanaopatikana kwenye samadi, si wale wakubwa wanaochimba shambani. Nyunyiza maji kiasi, funika kwa gunia na uwazuie siafu. Baada ya miezi mitatu hivi, anza kuvuna.

Tahadhari, msomaji! Usiwachimbe nyungunyungu mahali kuku wanapochakura, wala usitumie kinyesi cha kuku. Nyungunyungu wa hapo huweza kubeba vijidudu vya minyoo inayoziba koo la kuku. Waliovunwa waoshe, watumbukize katika maji moto, uwaanike mpaka wakauke, kisha uwasage na kuwachanganya na pumba.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mwili wa nyungunyungu ni maji matupu. Kilo moja ya waliokauka huhitaji kilo tano au sita za wabichi. Mwenye kuku mia tano hataliacha duka la vyakula vya mifugo. Lakini mama wa Malaba mwenye kuku kumi nyuma ya nyumba atapunguza gharama, na udongo mweusi unaobaki kwenye beseni utastawisha mboga zake.

Haba na haba hujaza kibaba. Na omena anayeokolewa kwenye kihori cha kuku ana nafasi yake kwenye sahani ya mtoto.